Vita Vimeingilia Siku Mbili za Mbwa Wangu Kukaa Mkavu

Ubwari, 14 Machi 1999

Kwa Bwana Daktari wa Mifugo,
Baraka (au popote ulipokimbilia)

Bwana Daktari mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi ni wazima, ila mama mkwe wangu, Mama Marthe, hasemi nami siku ya nne sasa, na kosa ni la karatasi yako.

Utakumbuka Jumatano ulinipa kichupa cha matone ya viroboto na kupe, pamoja na karatasi yake ya maelezo, kwa ajili ya mbwa wangu, Waziri. Nilifuata kila neno. Nilitenganisha manyoya katikati ya mabega, pale ambapo ulimi wake haufiki. Kwa kuwa karatasi inaonya dawa isiingie machoni, nilifumba yangu nikaminya kwa nguvu zote. Kisha karatasi ikasema: mbwa asiguse maji siku mbili. Baada ya muda mfupi vita vikaingia mjini Baraka. Nalalamika hivi:

1. Karatasi inataja mimba, watoto wachanga, hata paka! Watu wenye bunduki haiwataji popote.

2. Njia yetu ya kukimbia ni ziwa. Mtumbwi wa Bwana Saleh haukufika ufukweni, ikabidi tuufuate maji yakiwa kifuani. Nilimbeba Waziri kichwani, risasi zinalia, nami nawapigia watu kelele wasimrushie maji. Godoro lilibaki. Masufuria yalibaki. Mama Marthe alijivukia mwenyewe.

3. Mtumbwini palikuwa na ubao mmoja tu mkavu. Wewe ni msomi, niambie ungefanya nini. Waziri alikaa ubaoni, amevaa koti langu. Mama Marthe alikaa chini, ndani ya maji, mpaka Ubwari. Alisema mara moja tu: "Mukwe, imbwa iko kavu, mi niko nalowana." Nilimjibu kwa heshima zote kwamba yeye hana dawa mgongoni.

Tangu hapo chakula changu kinawekwa mlangoni, nakula na Waziri. Mke wangu Adolphine akinitazama anacheka, akimtazama mama yake anaacha. Naona aibu, Bwana Daktari. Yule mama alinipa binti yake, nami nikampa maji ya mtumbwi.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, waandikie makomanda wa pande zote wasipigane ndani ya siku mbili baada ya matone. Wapewe kalenda, na wakikataa wapewe viroboto. Pili, nitumie karatasi yenye muhuri, tena muhuri mkubwa, ishuhudie kwamba nilitii amri ya daktari, na si kwamba nampenda mbwa kuliko mama wa mke wangu. Bila karatasi hiyo nitazeekea mlangoni.

Nangoja jibu kwa mtumbwi wowote unaokuja huku. Wasalimie wa nyumbani kwako, na ng'ombe kama wamebaki. Waziri naye anakusalimu. Bado anajikuna, bila shaka dawa inaendelea na kazi.

Mtiifu wako kupita kiasi,
Néhémie, mkwe wa Mama Marthe (kwa sasa)

P.S. Muhuri usiulete tena. Mama Marthe amechukua koti langu kulifua, akakikuta kile kichupa mfukoni. Bado kimejaa dawa. Ncha yake haijakatwa. Amekiweka juu ya barua hii, akamwita Waziri, wakateremka wote wawili ziwani kuoga. Adolphine amecheka mpaka amekaa chini. Anasema nisimame nikawapelekee sabuni.