Breki ya Mama Mkwe

Jumapili, tarehe 3 Mei

Nimenunua gari! Limetumika, ndiyo, lakini kwangu ni jipya. Jekundu, milango minne, yote inafunguka. Dalali kaapa kwamba lilikuwa la mwalimu, mtu mzima, mpole, halijawahi kukimbizwa. Nikamuuliza kuhusu kile chuma kinachochomoza sakafuni upande wa abiria. Akasema ni pa kuegesha mguu, magari ya wakubwa ndivyo yalivyo. Nikamwambia najua, nilikuwa namjaribu tu.

Nimezunguka nalo mtaa mzima. Linachomoka hilo! Mke wangu alitoka uani mikono imejaa povu la sabuni, akalitazama, akacheka peke yake. Siku nyingi sijamwona akicheka hivyo.

Sababu ya haraka yangu naiandika humu kwa kuwa hakuna atakayesoma. Jumamosi shemeji yangu mdogo anaolewa. Anayechagua gari la bibi harusi ni mama mkwe, na kila mara huchagua la mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Mimi namwita Bwana Funguo. Hazimtoki kidoleni, anazizungusha hata msibani. Harusi iliyopita yeye alimbeba bibi harusi, mke wangu akaja nyuma kwenye lori la viti, amepakata sufuria. Niliona uso wake, inatosha. Safari hii hapana!

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Mama mkwe amefika. Atakaa kwetu mpaka harusi iishe, nami nimejitolea kumwendesha kila aendako. Mpango: alizoee gari, alipende, alichague. Nimemfungulia mlango wa mbele, nikamwonyesha pa kuegesha mguu. Akashukuru sana.

Gari likagoma. Tuseme liliondoka, ila kwa kinyongo, kama mtu aliyeamshwa kuosha vyombo. Nikakanyaga mafuta. Likanguruma, likabaki na mwendo uleule. Nikakanyaga mpaka kisigino kikauma. Kwenye mlima wa sokoni tukapitwa na mkokoteni wa mkaa. Na wenyewe unapanda! Msukumaji alituomba radhi. Huko nyuma ni honi na mataa. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani kuniambia taa zangu za breki zinawaka muda wote. Nikamshukuru. Wengine zao hata haziwaki.

Mama mkwe hakulalamika. Alisema tu gari lina adabu. Nimelifikiria neno hilo jioni nzima. Ni kejeli. Lazima ni kejeli.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Asubuhi kwa fundi, peke yangu. Njiani lilichomoka mpaka nikaogopa. Fundi akafungua boneti, akalisikiliza, akasema injini ni nzima kabisa. Nikamwambia mimi si mgeni wa magari, abadilishe plagi. Akasema plagi ni nzuri. Nikasema abadilishe. Akataka kuchungulia ndani upande wa abiria. Nikamkatalia, gari huendeshwa upande wa dereva! Akabadilisha plagi huku anapiga mluzi. Sikuupenda ule mluzi.

Mchana nimempeleka mama mkwe kwa mshonaji. Yaleyale! Plagi mpya, mwendo wa kinyonga. Mke wangu, kiti cha nyuma, akaniuliza kwa upole kama tumefika au tumesimama.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimetumia akili. Nikiwa peke yangu linakwenda. Nikimbeba mama mkwe haliendi. Kwa hiyo ni uzito. Lakini mama mkwe mwenyewe ni mwembamba, upepo ukivuma hujishika ukuta. Kwa hiyo ni mkoba! Ule mkoba wake mweusi hauachi hata akienda bafuni. Sijui umebeba nini.

Nimeshusha tairi la akiba, jeki, mazulia na spika. Kisha nikamwomba mama mkwe, kwa heshima zote, mkoba ukae kwenye buti. Akaukumbatia. Mke wangu akanivuta jikoni kuniuliza mkoba wa mama yake umenikosea nini. Nikasema ni mambo ya kitaalamu.

Jioni akaja Bwana Funguo. Amesikia. Aliuliza, funguo zikizunguka, kama gari langu linatumia petroli au maombi. Akajitolea kulivuta Jumamosi kwa kamba, ataifunga utepe mweupe ipendeze. Watu wote sebuleni walicheka. Mke wangu akainuka kwenda kuchemsha chai, na chai ilikuwa mezani.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Nimepata dawa! Nilimwambia mama mkwe kwamba wakubwa wa kweli hukaa nyuma. Akakubali, akaketi nyuma na mkoba wake. Nikakanyaga. Gari likaruka! Sokoni tumepanda kwa gia ya tatu! Nikaimba.

Mama mkwe yeye alipiga kelele tangu getini. Kwenye mzunguko akaamuru ashushwe, akarudi nyumbani kwa miguu, akamwambia mke wangu kwamba nimetaka kumwua kabla ya harusi. Hatakaa nyuma tena. Mbele, pake pa siku zote, au hapandi.

Sawa. Angalau sasa najua ukweli: mkoba hauna kosa. Tatizo ni mizani. Akikaa mbele, uzito unailalia injini. Dawa yake ni kuweka uzito nyuma. Nimepakia matofali kwenye buti. Mke wangu alisimama mlangoni, akanikumbusha kwamba jana nilikuwa nashusha vitu. Nikamwambia jana ilikuwa jana.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Mama mkwe mbele, matofali nyuma. Mlima wa sokoni tuliupanda kwa huruma ya Mungu. Magurudumu yakaanza kutoa moshi na harufu ya mpira unaoungua. Watu wakakimbia na ndoo za maji. Bwana Funguo akapita, akapunguza mwendo ili nimwone vizuri.

Jioni baada ya chakula mama mkwe akagonga glasi. Ameamua. Niliangalia miguu yangu. Mke wangu naye aliangalia miguu yangu.

Akachagua langu! LANGU!

Alisema Bwana Funguo huendesha kama anafukuzwa na mbwa, yeye roho huishia mkononi. Ila mimi ndiye mkwe pekee aliyemfikiria. Nimenunua gari lenye breki yake mwenyewe. Tangu Jumatatu aliligundua lile kanyagio: akilibonyeza, gari linatulia. Basi wiki nzima hakutoa mguu. Amewapigia simu dada zake wote kuwasimulia.

Kumbe! Mwalimu wa udereva! Gari la kufundishia, na mwalimu ana breki ya upande wake!

Kila mtu akanigeukia. Nikasema bila shaka mama, nililitafuta makusudi kwa ajili yako. Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga. Mke wangu atakaa nyuma pamoja na bibi harusi. Ameshawaambia rafiki zake wampige picha getini akishuka. Nimefurahi kupita kiasi.

Basi ningelala hapo. Lakini Bwana Funguo wakati wa kuaga alinipiga begani, akasema kwa mwendo ule watatuwekea chakula ukumbini, tukipashe moto.

Tukipashe moto! Tutaona.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Alfajiri nilikuwa kwa fundi. Nilimwambia alitenganishe kanyagio la abiria na breki, ila lenyewe alibakishe palepale, libonyee vizuri. Aliniuliza mara mbili kama mwenye mguu anajua. Nikamwambia ni mambo ya familia. Safari hii hakupiga mluzi.

Msafara ukaondoka. Maua kwenye boneti, mama mkwe mbele, mke wangu na bibi harusi nyuma. Kwenye barabara pana Bwana Funguo akatupita, ananipungia mkono, uleule wa kuzungushia funguo! Nikakanyaga. Ah, gari lilivyokwenda! Tukampita. Shela la bibi harusi likatoka dirishani. Mama mkwe akabonyeza. Akabonyeza tena. Akavua viatu, akabonyeza kwa miguu yote miwili. Akatazama chini. Kisha akanitazama mimi. Ule mtazamo siwezi kuuandika.

Halafu akashika breki ya mkono, akaivuta kwa mikono miwili.

Tulizunguka tukasimama tunaangalia tulikotoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Bwana Funguo akafika, akafungua mlango wao bila kusema neno, na hiyo iliniuma kuliko kejeli zake zote. Mama mkwe aliposhuka alisema mwendo angenisamehe. Lakini kumpa kanyagio la uongo, baada ya yeye kunisifia kwa ukoo mzima!

Wakahamia gari la Bwana Funguo, mama mkwe na bibi harusi. Mke wangu akabaki. Aliyachukua maua yaliyoanguka, akakaa nayo. Gari lilichukua muda kuwaka. Tulipofika ukumbini watu wote walikuwa wameshaingia. Getini hapakuwa na mtu wa kupiga picha.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Mama mkwe ameondoka na Bwana Funguo asubuhi. Alimuaga mke wangu tu, na mimi ikawa ndiyo nimeagwa.

Mke wangu amesema na mimi mchana. Hakugomba. Alisema hakutaka gari la mbio, wala hakutaka Bwana Funguo ashindwe. Alitaka mara moja tu ashuke kwenye gari mbele ya ndugu zake, akiwa ameinua kichwa. Ijumaa usiku alikuwa nalo hilo gari, nami alfajiri nikaenda kulivunja. Nimeona aibu, aibu ya kweli, mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Nikatoka nje kuketi ndani ya gari nitafakari kosa langu, kama mtu mzima. Nimetafakari sana. Nikayapitia yote tangu mwanzo, bila kujipendelea.

Na nimeliona! Ni ile breki ya mkono. Imewekwa katikati, mtu yeyote anaifikia. Kesho naamkia kwa fundi, aihamishie mlangoni kwangu.