Anwani Yenye Jina la Babu

Mkewe aliiona kofia kwanza. Bilashaka alikuwa amesimama chini ya bango la magodoro, kofia ameivua na kuishika kifuani kama mtu aliyefika msibani. Bwana huyu hakuwavulia kofia hata wakwe zake. Aliivua pale tu aliponusa pesa za watu.

"Mama watoto, soma pale. Unaona nini?"

"Jina la kiwanda. Kama la babu yangu."

"Na namba ya simu. Tovuti je? Hawana! Kiwanda kizima hakina anwani mtandaoni!"

Kesho yake mkewe aliporudi kutoka sokoni, cherehani haikuwepo. Ndiyo aliyoshonea nguo za watoto, ndiyo iliyolisha nyumba wakati Bilashaka akiufukuzia utajiri. Pale ilipokaa palibaki vipande vya nyuzi.

"Sijaiuza, nimeigeuza," alisema Bilashaka. "Sasa ni anwani ya tovuti yenye jina lile, na nimeiandikisha kwako. Jina la ukoo halina mwenyewe. Watainunua kwa bei ya nyumba!"

"Wakikataa?"

"Watakubali, bila shaka."

Mkewe akanyamaza. Kwa kunyamaza, hakuwa na mpinzani.

Mpaka hapo mpango ulikuwa na sura ya halali. Lakini mjanja akishapata ujanja, lazima ausimulie. Bilashaka aliwaandikia barua wenye kiwanda, akaitia sahihi kwa mbwembwe: nimeinunua anwani hii kwa sababu magodoro yenu ni maarufu, msipoitaka, wapinzani wenu wanaitaka.

Jibu lilikuja limevaa tai. Mwanasheria wa kiwanda aliketi kwenye kigoda, akaikunjua barua magotini.

"Mzee, jina hili ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Mngeitumia anwani kwa shughuli zenu tu, tungepata shida kuwashinda. Lakini hapa umekiri kwa mkono wako kwamba umeinunua ili kutukamua. Hakimu atakunyang'anya, na gharama za kesi ni zako."

Bilashaka alirudi nyuma hatua mbili.

"Mimi? Anwani si yangu hata nukta! Ni ya mke wangu, jina la babu yake. Barua niliandika bila yeye kujua."

"Utalitilia sahihi hilo?"

"Hata mara mbili!"

Akasaini kabla wino haujashuka vizuri kwenye kalamu. Mwanasheria akamgeukia mkewe.

"Dada, wewe ungeifanyia nini anwani hii?"

"Ningeonyesha nguo za watoto ninazoshona. Kama ningekuwa na cherehani."

Mwanasheria akakuna kidevu. Mtu mwenye jina lake, asiyegusa magodoro, asiyemtisha yeyote: kesi ilikuwa imemponyoka.

"Utatuuzia?"

"Kwa cherehani mpya. Ya umeme. Na majora ya vitambaa vya kuanzia."

Bilashaka akafufuka. "Ongeza, mama watoto! Tudai na gari!"

"Mzee," mwanasheria akaigonga karatasi kwa kidole, "wewe humu huna lako. Umesaini."

Cherehani ilipofika, Bilashaka aliizunguka akiipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Nilipanga hivi tangu mwanzo," alisema. "Nilikuficha tu, usije ukashtuka."

Mkewe alipitisha uzi kwenye tundu la sindano, kisha neno alilolikalia tangu harusi likamtoka.

"Baba watoto, hii usiiguse. Na ujue, hujawahi kunidanganya hata siku moja. Nilikuwa nanyamaza tu."