Watoto Wawili wa Décimale

Redio ya Alfani ilisema asubuhi ile kwamba katika mtaa wao chanjo ya polio imefika kwa watoto sitini na mmoja kwa kila mia, kwamba wazazi wa waliobaki wanakataa, na kwamba serikali itaongeza vipaza sauti. Alfani akaizima kabla muziki haujaanza, kulinda betri. Guelord akataka kujua ni nani hasa aliyekataa. Yeye ni mwendesha toleka, hubeba watu kutwa nzima kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, na hajamsikia hata mmoja.

Kijiwe chao ni benchi la mbao nyuma ya soko, upande wa Makiso, na jiko la makaa lenye birika juu yake. Alfani, muuza kahawa, walimwita Ministre, yaani waziri, kwa sababu sukari yake siku zote iko njiani. Guelord ni Bila-Frein, asiye na breki, na abiria wake hujua maana ya jina hilo wanapotaka kushuka. Papa Médard, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ni Décimale, jina linalompendeza kuliko anavyokubali.

Médard aliwaacha wachoke. Alfani alisema watu wanaogopa dawa, Guelord akasema redio inadanganya. Ndipo Médard akachora mstari kwa kidole juu ya ubao wa benchi.

"Makosa iko chini," alisema. "Juu, batoto benye walichanjwa. Chini, batoto benye wako kwa liste. Bon, ile liste walitoa wapi?"

"Kwa moustiquaire," Guelord alijibu, na akaanza kucheka.

Orodha ilikuwa ile ya vyandarua vilivyogawiwa miezi michache nyuma, kimoja kwa kila watu wawili. Guelord alikumbusha kwamba juma lile mtaa mzima ulijifungua bila mkunga.

"Donc wanatuma mégaphone kwa batoto benye hawajazaliwa," Alfani alisema. "Watasikia namna gani? Wazaliwe kwanza."

Médard hakucheka. Alieleza kwamba nchi ilihesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984, yeye akiwa mwanafunzi aliyebebeshwa fomu nyumba hadi nyumba. Tangu hapo kila ofisi huchukua namba ya mwaka uliopita, huongeza kidogo, na kuipiga muhuri. Kwa namba hizo serikali huagiza chanjo, na mto ukifurika huagiza maturubai. Halafu hushangaa maturubai yakipungua huku na kuozea kule. Aliyasema hayo bila hasira. Hasira haijawahi kusogeza nukta ya desimali.

Alikuwa na sababu ya kusema vizuri siku hiyo. Chifu wa mtaa alitaka mtu wa kuhesabu familia upya, nyumba kwa nyumba, na Félicité, muuguzi wa chanjo, angepita kijiweni kuchukua jina. Kwa miaka thelathini na minne Médard alifundisha watoto kugawanya, na hakuna ofisi iliyowahi kumwomba namba hata moja. Kazi hii aliitaka kama wengine wanavyotaka kiti cha mbele harusini.

Félicité alifika na sanduku la chanjo begani, daftari kwapani na chaki imechomekwa kwenye nywele.

"Mama, chukua Décimale," Guelord alimwambia kabla hajaweka sanduku chini. "Huyu akikula samaki, anahesabuka mifupa."

"Njo huyu nilikuwa natafuta," alisema Félicité, akafungua daftari. "Papa Médard, kwako liste inasema batoto tatu chini ya miaka tano. Jana nilichanja moja, Glodie. Ile mbili ingine, niliandika R kwa mulango, refus, walikataa. Muke yako, Mama Bibiche, alisema niulize weye."

Médard aliiona ile chaki asubuhi. Alidhani ni alama mpya ya nyumba.

Félicité akasoma kwa sauti, bila haraka. "Guelord, miaka tatu. Alfani, miezi kumi na munane."

Siku ya vyandarua mgawaji alikuwa amesimama papa hapa, kalamu mkononi, akiuliza majina. Médard hakuwa na mazoea ya kubuni, kwa hiyo alichukua yaliyokuwa mbele ya macho yake.

Guelord aliuliza kwa upole kama mtoto wa miaka mitatu anaruhusiwa kuendesha toleka. Alfani akaweka kikombe chini, akavuta kigoda karibu na sanduku, akainua kidevu chenye mvi na kufungua mdomo.

"Angusha matone, Mama infirmière," alisema. "Papa alinikatazaka. Miye mutoto ya kutii." Kisha akanyoosha kidole kidogo, kipakwe wino wa waliochanjwa.

Félicité aliutazama ukuta mpaka alipoweza kusema bila kucheka. Kama watoto wamesafiri, ataandika absents. Kama wamekatazwa chanjo, chifu atakuja na kipaza sauti. "Niandike nini, papa?"

Absents lingetosha. Hakuna ambaye angewafuata. Lakini Médard aliona milango yote atakayobisha, akiwadai watu ukweli na wachanga wawili wamemkalia mgongoni. Akaomba kalamu.

"Niko na vitanda tatu," alisema. "Sheria inahesabu watu. Mbu anahesabu vitanda. Watu ine, moustiquaire mbili. Juu ya kupata tatu, ilifaa watu sita."

Guelord akahesabu kwa vidole. "Binti yako Nicole na mutoto yake Glodie, kitanda moja. Weye na Mama Bibiche, kitanda moja. Ya tatu ni ya nani?"

Médard aliifuta miwani yake pande zote mbili.

"Ninakoromaka," alisema.

Walicheka hadi muuza maembe wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kuna nini, na wakamweleza. Médard aliwafuta watoto wake wawili kwa mistari iliyonyooka, akaweka sahihi pembeni.

Félicité aliitazama mistari ile kwa muda. Tangu jana, alisema, kila mzazi humwambia kwamba watoto asiowaona wako mjini Buta kwa nyanya zao. "Weye njo wa kwanza kupunguza." Akachomoa chaki kwenye nywele, akaiweka juu ya daftari, akampa vyote. "Anza leo."

Médard alifunua ukurasa, akashuka na kidole mpaka kwenye nyumba aliyoitafuta.

"Ministre, kwako waliandika batoto munane. Ya mwisho iko na juma sita." Alirekebisha miwani. "Jina, Médard."

Alfani alikuwa tayari akimwaga makaa. Sukari, alisema, imefika bandarini, na lazima aifuate mwenyewe.

"Bila-Frein," Médard aliita, akifunua ukurasa mwingine.

Guelord alikuwa ameshashika mteremko, kichwa chini, na wote walijua kwamba hata angetaka kusimama, asingeweza.