Nilipoweka Tiki Kwenye KE

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Miezi kumi na nne tangu nibadilishiwe moyo India. Leo kipimo cha umeme wa moyo. Nimefeli. Mimi Muganyizi, nahodha wa kivuko cha Sengerema miaka kumi na tisa, nimefelishwa na karatasi! Daktari Najat kasema kila baada ya pigo moyo wangu unachelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Nimepita kikomo cha wanaume, cha wanawake sijakifikia. Nikauliza wanawake wameingiaje hapa. Akasema aliyenipa moyo alikuwa mwanamke, na bado hawajui vizuri kama moyo hufuata mwili mpya au hubaki na tabia za mwenyewe. Nirudi baada ya mwezi. Mwezi! Bila cheti cha afya hadi Jumatatu ijayo, usukani wangu anachukua Machibya moja kwa moja. Mtu niliyemfundisha kufunga kamba.

Akanionyesha pia alama ndogo ndogo kwenye karatasi. Kipande cha moyo wangu wa zamani, walichokiacha wakati wa kushona, bado kinapiga chenyewe. Hakisukumi chochote. Sikula mchana.

Jumanne, 2 Septemba
Mke wangu Specioza kaangusha mfuniko wa sufuria nyuma yangu. Niliruka. Moyo haukushtuka. Dakika tatu baadaye, nakunywa chai kwa amani, ukashtuka peke yake. Daktari alishasema mishipa ya fahamu ilikatwa, kwa hiyo habari zinaufikia kwa kuchelewa. Specioza akaniuliza, Baba Kokulinda, mbona unalikodolea macho shati lako. Nikasema kifungo kimelegea.

Alhamisi, 4 Septemba
Akili ninayo. Zahanati ndogo Kiseke, hawanijui. Kwenye fomu, penye jinsia, nikaweka tiki kwenye KE. Mashine si inafuata kikomo inachoambiwa? Mpimaji, dada mmoja aitwaye Selina, akasoma fomu, akatazama masharubu yangu. Nikamwambia anayepimwa si mimi, ni aliyemo ndani. Hakucheka. Alipoingiza KE, namba ya mapigo kwenye kioo cha mashine ikaanza kushuka. Mia na nne, tisini, themanini. Tangu India haijawahi kushuka hivyo. Kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu. Selina akaacha kunitazama usoni. Majibu: kawaida. Niliogopa, nakiri. Lakini cheti ninacho.

Jumamosi, 6 Septemba
Ofisini wamepokea cheti bila kukisoma. Safari moja ya majaribio, Machibya pembeni. Katikati ya maji wadudu wa ziwani wakainuka kama moshi, vioo vikafunikwa. Mimi nimetulia kabisa. Moyo ukaanza kupiga kwa kishindo. Huu unaochelewa kila siku, leo uliwahi. Nikaona ni ubovu tu, nikashika njia ile ile. Machibya akasema, mzee, punguza mwendo. Nikamjibu kwamba hofu ni yake. Mara mtumbwi mbele yetu, wavuvi wawili wamesimama, midomo wazi. Machibya akanisukuma, akazungusha usukani. Tuliwapita karibu kiasi cha kuona meno yao.

Watu wawili ningewaua leo. Tulipofika nchi kavu, kwa hofu nilikosea kufunga kamba mara mbili. Moyo ulikuwa umeshatulia.

Jumatatu, 8 Septemba
Wamekisoma cheti. Bosi kauliza huyu Bi. Muganyizi ni nani. Usukani kapewa Machibya. Amenipa pole, tena kwa upole, na hilo limenikera kuliko yote.

Ila kosa lilikuwa la tiki tu. Njia nimeipata. Machibya ana moyo wa kiume, wa kuzaliwa nao. Nitamwomba alale yeye kwenye kitanda cha vipimo kwa jina langu, nitamwambia ni mambo ya bima. Cheti kikitoka ME, nakata rufaa, na usukani unarudi kwangu.

Naandika haya mezani, saa nne asubuhi, jua kali, nyumba kimya. Moyo umeanza tena kupiga kwa kishindo, na hakuna kitu kilichonishtua. Itakuwa chai. Kuanzia kesho nitapunguza majani.