Zulia la Antigua Mlangoni

Jumapili, 9 Novemba
Madam Ashwaq ameleta kahawa mpya mkahawani kwetu Bur Dubai. Inatoka Antigua, Guatemala. Atakayewaeleza wageni vizuri zaidi kuhusu huo mji, Alhamisi, atapewa shifti ya asubuhi. Shifti ya asubuhi! Yaani kufika nyumbani binti yangu Judy akiwa macho. Ana miaka minne, na jana alimwita jirani yetu Wangari mama. Lazima nishinde. Wa kunizuia ni mhudumu mwenzangu Lynette peke yake, tena hana hata mtoto.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimesoma kwenye simu nikimlisha Judy uji wa asubuhi. Mji wa Wahispania. Ulikuwa makao makuu ya koloni lao mpaka tetemeko la 1773 likauangusha. Wakaamriwa wahame. Wengine wakagoma, wakabaki na magofu yao. Nimewapenda! Kuna tao la njano juu ya barabara, watawa walipita humo bila kuonekana. Ningekuwa nalo ningemkwepa Lynette. Na wiki ya kuelekea Pasaka wanatandika barabarani mazulia ya vumbi la mbao, maua na rangi tele. Hapo nikasinzia, simu ikaniangukia puani. Lakini zulia limenitosha. Lynette aliponiuliza nimesoma nini, nikamwambia mji wote ulifukiwa, asijisumbue.

Jumatano, 12 Novemba
Niko off. Nimekwenda na Judy kwa Nasifu, seremala Mzanzibari wa Dubai Investments Park, kuomba vumbi la mbao. Akauliza nafuga kuku wangapi. Nikamwambia ni utamaduni. Akasema haya bibiye, utamaduni huo ubebe gunia zima, unanijazia karakana. Nimetia manjano na rangi ya biriani. Sasa mikono yangu ni biriani. Judy mpaka paji la uso.

Alhamisi, 13 Novemba
Zulia lilijaa mlangoni, ukuta hadi ukuta. Zuri ajabu! Nikasimama na mopu, mtu asikanyage. Wageni wakapitia jikoni, mmoja akagonga sufuria. Madam akauliza kulikoni. Nikasema watu wa Antigua hawahami. Lynette akakohoa, akasema samahani madam, kule mazulia hutandikwa ili maandamano ya ibada yapite juu yake na kuyavuruga, ndiyo heshima yenyewe. Alisoma mpaka mwisho! Akaninong'oneza kwamba nikimwambia asijisumbue, ndipo anajua kuna kitu.

Hapo Wangari akafika na Judy. Nilimwomba amlete aone ushindi. Judy akaniona, akakimbia moja kwa moja juu ya zulia, akanikumbatia na miguu yake ya njano. Makofi! Madam akacheka, akasema yalla, haya, maandamano ndiyo hayo, Caren ameshinda. Mimi! Ningetulia tu. Lakini nilikuwa nimeshapiga magoti nasawazisha nyayo, namfokea mgeni aliyetaka kumfuata. Madam akasema khalas, basi, yameisha. Asubuhi ni ya Lynette.

Ijumaa, 14 Novemba
Lynette amesema nichukue tu hiyo asubuhi, kwake kuamka mapema ni adhabu. Eti alitaka kunishinda tu. Sidanganyiki! Nimemwambia huruma yake akae nayo, nitaishinda mwenyewe. Mwezi ujao madam analeta kahawa ya Granada, Nicaragua. Sijasoma kitu. Lakini Nasifu nimeshamwagiza magunia mawili, na safari hii nazungushia kamba.

Judy ameuliza kama yeye atakanyaga. Nimemwambia hapana. Akavua viatu vyake. Haya. Pembeni kidogo, bila viatu.