Punda Wawili kwa Dizeli Moja

Jumatatu, 15 Septemba

Leo akili imefanya kazi! Mbio za punda ni Jumamosi, Buigiri. Sisi tuko Nkuhungu. Mheshimiwa, punda wangu, hawezi kutembea umbali wote huo halafu akashinda. Kukodi lori la Kenta peke yangu, dizeli itaniua. Nikamfuata Meshack wa Zuzu, muuza maji mwenye punda jike aitwaye Subira, nikamwambia tuchangie gari. Kakubali palepale, katoa na nusu yake ya dizeli. Nikaongeza ujanja: kwa nini gari lihangaike mpaka Zuzu? Subira aje akae uani kwangu hadi siku ya safari. Meshack kasema kaka Fabian una kichwa. Ninacho.

Edina, mke wangu, hakusema hivyo. Kasema Mheshimiwa anakula bure tangu Krismasi. Mkokoteni hataki, maji habebi, na baba mkwe wangu kule Buigiri bado anasomba maji kwa baiskeli na umri ule. Mheshimiwa akishinda, arudi nyumbani. Akishindwa, abaki kwa baba moja kwa moja. Nimekubali, tena kwa kiapo. Halafu nikajuta. Yule punda ndiye pekee katika nyumba hii anayenisikiliza hadi mwisho.

Jumatano, 17 Septemba

Mazoezi kwenye kiwanja cha shule. Balaa! Meshack juu ya Subira, mimi juu ya Mheshimiwa. Subira mbele, Mheshimiwa nyuma, pua kwenye mkia wake. Nikampiga teke. Akaongeza mwendo, akaufikia mkia, akatulia. Mara tano! Subira akasimama kukojoa. Mheshimiwa naye akasimama, akangoja kwa heshima zote.

Filipo, dereva wa Kenta, alikuwa anapita. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema punda wakishalala zizi moja hawatengani tena, na aliyewazoesha ni mimi mwenyewe. Nani kamuuliza? Aendeshe gari.

Jioni Mheshimiwa kamwachia Subira pumba zote. Mimi hajawahi kuniachia hata njia ya kupita.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijatulia ofisini kutwa nzima. Bosi kaniomba faili la likizo, nikampelekea la mazishi. Akanitazama sana.

Saa nane, katikati ya wali maharage, jibu likaja. Mheshimiwa ni wa pili kwa sababu Subira ni wa kwanza. Ondoa Subira, nani wa kwanza? Hesabu ya darasa la tatu!

Meshack hana simu janja, tangazo la mbio kalisikia kwangu tu. Nikampigia kwenye kitochi chake. Nikamwambia mgeni rasmi kapata dharura, mbio zimesogezwa Jumapili. Kashukuru. Kasema Mungu anibariki kwa kumjulisha mapema. Hapo nikajisikia vibaya. Nikanywa soda, ikapita.

Jumamosi, 20 Septemba



Tuliondoka alfajiri. Subira nikamwacha amefungwa kwenye mwarobaini uani. Mheshimiwa aligoma kupanda, akasukumwa na watu wanne. Njia nzima amegeukia nyuma, analia. Filipo kasema anamwita mwenzake. Nikamwambia anaimba.

Mbio zilipangwa saa nne. Mgeni rasmi kafika saa saba. Jua! Vumbi! Baba mkwe, Mzee Ebenezer, kaja na kamba mpya mkononi. Nikampa shikamoo. Kaitikia marahaba, akanisalimu na kwa Kigogo chake, mbukwa mkwe wangu, huku anampapasa Mheshimiwa miguu. Keshaanza kukagua mali!

Filimbi ikalia. Punda kumi na mmoja wakaondoka. Wa kumi na mbili kasimama. Nilibembeleza, nilipiga mateke, niliimba wimbo anaoupenda. Wapi! Mama mmoja kaniambia nishuke nikimbie mwenyewe.

Kumbe nyumbani Subira naye alilia tangu tulipoondoka. Kakata kamba, kavunja banda la kuku. Edina akampigia Meshack aje amchukue punda wake. Meshack akauliza, na Mheshimiwa yuko wapi? Edina hajui kudanganya, maskini. Meshack akadandia lori la mchanga lililokuwa linakwenda tupu Chamwino, njia ya Buigiri. Bure! Mtu na punda wake!

Lori likasimama nyuma ya uwanja. Subira akalia mara moja tu. Mama yangu! Mheshimiwa aligeuka na mimi juu, akatimka. Tukapita mbele ya jukwaa, mgeni rasmi kaangusha chupa ya maji. Watu wote walikiri hawajapata kuona punda mwenye mbio zile. Tatizo ni upande tu.

Meshack hakunitukana. Kaniuliza kwa upole kama leo ndiyo Jumapili. Afadhali angenipiga.

Baba mkwe akamvisha Mheshimiwa kamba mpya. Nilimkumbatia shingo nikalia mbele za watu. Kurudi, Subira naye akagoma kupanda gari. Watu sita wakashindwa. Meshack ikabidi amwache hukohuko. Tumerudi na Kenta tupu, mimi na muuza maji asiye na punda.

Jumanne, 23 Septemba

Baba mkwe kapiga simu. Mapipa yote yamejaa. Subira na Mheshimiwa wanavuta mkokoteni pamoja, hawagombani. Mheshimiwa! Mkokoteni! Nimeumia moyo. Edina kacheka mpaka kapaliwa.

Meshack sasa anauza maji kwa baiskeli. Nilimfuata Zuzu nikamwomba msamaha, na nilimaanisha. Kasema yamekwisha.

Ila Filipo kaleta habari. Mwezi ujao kuna mbio Bahi! Baba mkwe yuko tayari kuwaazima punda wote wawili, na Mheshimiwa akishinda atarudi nyumbani. Meshack kakubali tuchangie tena dizeli.

Mtu mzima hujifunza kwa makosa yake. Nimetafakari, nikaliona langu: nilimwacha Subira. Safari hii nawapakia wote wawili. Subira namfunga mwisho wa uwanja, Mheshimiwa atamfuata kwa mbio zile zile, upande ule unaotakiwa. Anayezidi kwenye gari ni Meshack peke yake, maana atataka Subira naye ashindane.

Mbio ni Jumamosi. Nimeshamwambia ni Jumapili. Kasema sawa kaka, huku anatazamana na Filipo na kutabasamu. Bado ananiamini!