Miguu ya Daraja la Kwanza

Raia wote walitangaziwa, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuanzia sasa hakuna atakayechoka bila idhini. Idara ya Hija za Miguu ilikuwa imekamilisha Mfumo wa Kulinganisha Njia na Uwezo wa Mwili. Mtu akitaka kwenda kuhiji kule mlimani, hajichagulii tu njia kama anayechagua nyanya sokoni. Anapangiwa.

Mkurugenzi aliuasisi mfumo huo yeye mwenyewe, akiwa ameketi. Mwanzoni walijaribu kuwapima watu kwa kuwatembeza, ila ikabainika kwamba kazi hiyo inamchosha mpimaji. Ndipo wakaamua kupima kwa cheo, maana cheo hakitoki jasho. Mkurugenzi akawa daraja la kwanza, mwenye ruhusa ya Njia ya Milima, ndefu kuliko zote. Makarani wakapewa njia ya bondeni. Wasio na cheo wakawa wanazunguka uwanja wa magari nyuma ya ofisi, mpaka askari wa getini awaambie wamefika. Picha ya patakatifu ilibandikwa kwenye kibanda chake, na mahujaji waliruhusiwa kulia kidogo.

Mambo yalikwenda vizuri mno, mpaka alipoingia mama mmoja fundi cherehani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Habari za kazi, mheshimiwa. Nimepangiwa uwanja wa magari."

"Hongera sana, mama."

"Hongera ya nini? Mimi niliweka nadhiri. Dada yangu alilazwa hajitambui. Nikasema akiamka, nitaipita milima yote kwa miguu yangu. Ameamka. Leo asubuhi kanigombeza kwenye simu. Sasa nikazunguke magari, Mungu nimwambie nini?"

Mkurugenzi alimhurumia kwa kiwango kinachoruhusiwa. "Ni kwa usalama wako, mama. Miguu yako haina cheo."

"Miguu hii inakanyaga cherehani tangu sijaolewa, na mwanangu sasa ana ndevu."

"Kukanyaga huku umekaa hakuhesabiki."

"Na wewe, bosi, unatembea wapi?"

Loo! Swali hilo lilikuwa nje ya utaratibu kabisa. Kwenye foleni ya mlangoni mtu alikohoa, na sekretari akaanza kuikagua dari. Mtaani walimwita Mkurugenzi Lifti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona kwenye ngazi.

Akakimbilia kanuni yake aipendayo, ile ambayo haijawahi kumsaidia mtu yeyote. "Mtu asiye na daraja anaweza kupita milimani," alisema taratibu, "iwapo tu atasindikizwa na mtu wa daraja la kwanza, bega kwa bega, mwanzo hadi mwisho."

"Na wa daraja la kwanza humu ni nani?"

"Ni mimi peke yangu!" alijibu kwa fahari, kabla akili haijamfikia.

Foleni nzima ikapiga makofi.

"Basi twende, baba," alisema fundi. "Mimi nimeshavaa raba."

Mkurugenzi akafikiria kutaja magoti. Lakini anayekiri kuumwa magoti hushushwa daraja, na kiti chake, kwa agizo alilolitia saini mwenyewe, hakikaliwi na mtu wa daraja la chini. Naibu wake alikuwa amechungulia mlangoni, macho yote kwenye kiti.

"Magoti yanakusumbua, mheshimiwa?" aliuliza naibu kwa upole wa kutisha.

"Magoti gani? Nani kasema magoti?"

Wakaondoka. Kilima cha kwanza Mkurugenzi alitoa maelekezo. Cha pili akatoa koti. Cha tatu hakutoa chochote ila pumzi, na hizo nazo kwa shida. Maskini, akajibwaga juu ya jiwe, viatu vya ofisini vimeachama vidole nje, na huko mbele milima ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

"Mama," alisema alipoweza kusema, "kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba tumefika. Cheti nitakuandikia hapa hapa."

Fundi alichuchumaa, akamfunga kamba za viatu vizuri, maana mwenyewe alishindwa kuinama. Mkurugenzi akageuka huku na huku akitafuta mtu wa chini yake wa kumwamuru. Palikuwa na mbuzi tu.

"Inuka, baba," alisema fundi, akimshika mkono. "Dada yangu hakupona nusu."